Shairi likae kooni au kitabuni?

Kuna watu Mombasa ukiwaambia umenunua diwani watakuuliza ya nini. Ushairi wanaupenda kukushinda wewe. Wanazo kifuani beti nyingi kuliko zilizomo kitabuni mwako, na wakianza kughani utakifunga mwenyewe kwa haya. Hoja yao ni fupi: shairi ni sauti, karatasi haina sauti, na anayelisoma kimya kimya kitandani hajalipata shairi, ameyaona maandishi yake tu.

Upande wa pili tuko sisi wa vitabu. Tunanunua, tunaazimana, tunagombana kwa vilivyoazimwa visirudi, na tunaamini kuwa lisiloandikwa lishapotea au liko njiani kupotea. Mzee mmoja wa Kibokoni alinisikiliza nikiyasema hayo barazani, kikombe cha kahawa mkononi, akaniambia, "Mwanangu, wewe wataka shairi likae kabatini. Shairi lataka mtu." Nikamwambia, "Lakini mzee, mtu hufa." Akajibu pasi na kunitazama kwamba kabati nalo huliwa na mchwa.

Mabishano haya nayaona mazito kuliko yale ya vina na mizani yaliyowashughulisha wahakiki wetu tangu miaka ya 1970. Yale yaliuliza shairi livae nini. Haya yanauliza linamwendea nani, msikilizaji au msomaji, na jibu la swali hili ndilo linaloamua lile la kwanza. Msimamo wangu nautanguliza ili nisimchoshe mtu: juu ya shairi ni nini, wenye koo wana haki, juu ya namna linavyosalimika, haki iko kwetu wenye vitabu. Ila pande zote mbili zinakosea zinapodhani kwamba karatasi na koo vilikuwa mahasimu tangu zamani.

Mfano wa kwanza sharti awe Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Aliishi kuanzia miaka ya 1770 hadi yapata 1840, akatunga wakati Wamazrui wakitawala Mvita, ndiyo Mombasa, na akauona mji ukiangukia mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837. Alitunga siasa, mapenzi, dhihaka, majibizano na washairi wa miji mingine. Husemwa kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, na hata kama msemo huo umetiwa chumvi kidogo, ukizisoma tungo zake unaisikia Mombasa ya watu wanaozozana, wanaodaiana na kuchekana. Mojawapo ya beti zake zinazojulikana sana ni hii:

Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele
Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile
Kimya msikidharau, nami sikidharawile
Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya

Kumbuu ni mshipi wa kiunoni, na wavyele ni wazazi, wakongwe waliotutangulia. Maana yake haimpotezi mtu. Mimi hunivuta jambo jingine. Mpe ubeti huu mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefundishwa kuhesabu mizani, ambaye kwake neno "mtu" lina silabi mbili. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mshororo wa kwanza utamletea mizani kumi: ki-mya-ki-na-m-shi-ndo-m-ku-u. Utao wake, nusu ya pili, utampa nane. Ataendelea na mishororo mingine na kila kipande kitampa nane, nane, nane. Akiwa mwangalifu ataandika kwenye karatasi yake kwamba Muyaka ameteleza mwanzoni. Muyaka!

Mghani hana tatizo hilo kabisa. Anapofika kwenye "mshindo" na "mkuu" anaibana ile "m" ikaingia ndani ya sauti inayoifuata, na kipande kinatulia kwenye nane. Lakini akifika kwenye "mtatile" na "msikidharau" anaiacha "m" isimame peke yake, ihesabiwe, na bila hivyo mizani ingepungua. Herufi ni ile ile, ubeti ni ule ule, na "m" zote hizo asili yao ni "mu", kwa hiyo hata sarufi haikupi kanuni ya kutenganisha inayohesabiwa na isiyohesabiwa. Anayeamua ni koo. Hapo mzee wangu wa Kibokoni anastahili kikombe cha pili, kwa bili yangu.

Lakini ngoja kwanza. Nimewezaje kulijua hilo? Sikulijua kwa kusikia. Anayesikia hupendezwa akapita. Utamu wa mahadhi una kazi hiyo hasa, kukupitisha mahali pagumu bila wewe kuhisi. Nimelijua kwa sababu ubeti ulikuwa umetulia mbele yangu, nikaweza kurudi nyuma, kuweka kidole, kuhesabu, kulinganisha "m" ya juu na ya chini. Koo lilijua kutenda, lakini karatasi ndiyo iliyonionyesha kilichotendwa. Kwa hiyo hata ushahidi mkubwa kabisa wa wenye koo nimeuokota kitabuni, na sioni namna watakavyonikatalia.

Kinachonikera ni jinsi shule zetu zilivyoligeuza jicho kuwa hakimu wa sikio. Katika mtihani wa kidato cha nne ushairi umo kwenye karatasi ya tatu, ile ya fasihi. Mtahiniwa huulizwa bahari (aina ya shairi), muundo, vina, aina za uhuru wa mshairi: hapa pana inkisari, neno limefupishwa, hapa pana mazida, neno limerefushwa, hapa mshairi ameboronga sarufi. Hicho wanachokiita uhuru mara nyingi ni kazi ya kawaida ya koo iliyoandikwa vile ilivyotamkwa, na ukimfundisha mtoto kwamba mshairi "amekiuka" ili apate mizani, umemfundisha kwamba kuna lugha sahihi iliyolala mahali fulani na mshairi ameivunja. Kwa haki niseme pia upande wa pili: mtihani wa maandishi hauna namna ya kumsikia mtahiniwa akighani, na zipo tamasha za muziki na drama za shule ambako mashairi hupandishwa jukwaani kwa sauti na ishara. Nimeona vijana humo wakiliamsha shairi ambalo darasani walilichukia. Tatizo ni kwamba tamasha huwafikia wachache wenye kipaji cha kusimama mbele za watu, na mtihani humfikia kila mmoja.

Narudi kwenye uhasama wa karatasi na koo, ambao nimesema haukuwako. Mashairi ya Muyaka na ya waliomtangulia yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na hati hiyo ilikuwa na alama tatu tu za irabu: fataha, kasra na dhuma. Kasra ilibeba "i" na "e" pamoja, dhuma ikabeba "u" na "o". Sauti kama "p", "ch", "g" na "v" hazikuwa na herufi zake za asili, na mara nyingi "mb" iliandikwa kama "b" peke yake na "nd" kama "d". Baadaye wajuzi walizidisha alama ili kupunguza utata, lakini kwa muda mrefu mwandiko wa shairi ulikuwa hivyo: usomeke vizuri na yule ambaye tayari analijua shairi, au ana mtu wa kumwambia. Karatasi ilikuwa ukumbusho. Ilimtegemea mtu, na mtu akaitegemea. Anayetaka kuniambia leo kwamba wazee wa Pwani hawakuhitaji maandishi ana kazi ya kueleza hati zote hizo walizoziandika, wakazinakili, wakarithishana. Na anayetaka kuniambia kwamba maandishi yalitosha aketi na mojawapo ya hati hizo asome.

Bila karatasi hiyo yenye upungufu tusingekuwa na Muyaka. Alipokufa, tungo zake zilibaki vinywani. Aliyezikusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, akizitafuta kwa watu waliozihifadhi, na akashirikiana na mmishenari William Taylor aliyekuwa Mombasa wakati huo. Hati za Taylor ziliishia London, katika chuo kinachoitwa leo SOAS. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka, na kitabu kikapigwa chapa Johannesburg. Miaka karibu 40 ikapita ndipo Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka, Nairobi, 1979. Mtunzi aliyeishi hatua chache kutoka Ngome ya Yesu amezunguka London na Johannesburg kabla ya kurudi kwenye rafu za Kenya, na hata huko kwenye rafu sasa haonekani kwa urahisi. Nitawakubalia wenye koo jambo moja: hilo si jambo la kujivunia kwa sisi wenye vitabu.

Ila kuna swali ambalo wao hawapendi kuulizwa. Mbona ni Muyaka aliyesalimika? Sikujua alimtafuta Muyaka kwa sababu Muyaka alikuwa mwanamume mwenye jina, rafiki wa watawala. Nani aliyezitafuta nyimbo za lelemama, ngoma ya wanawake? Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vikundi vya wanawake wa Mombasa vilishindana kwa sare, kwa karamu na zaidi ya yote kwa nyimbo za mafumbo. Kikundi kinatupa fumbo, kingine kinalijibu, na mji mzima unajua nani kapigwa kijembe. Huo ni ushairi wa majibizano sawasawa na ule wa Muyaka na wenzake, na sina shaka ndani yake mlikuwa na watunzi wa kiwango chake. Watafiti wachache walifika wakakuta mabibi walioukumbuka wakati huo, wakahojiana nao, wakaandika kidogo. Sehemu kubwa imekwenda na wenyewe. Koo lilikuwepo, mahadhi yalikuwepo, hadhira ilikuwepo hadi saa tisa za usiku, na bado imekwenda. Mtu akiniambia shairi lataka mtu, namuuliza: na hawa hawakuwa watu?

Hoja hii inakata pande zote mbili, nakubali. Karatasi nayo ina upendeleo wake. Huchagua wa kumkumbuka na kumsahau. Lakini dawa ya upendeleo wa karatasi ni karatasi zaidi.

Hapa ndipo ningemwingiza mshairi Abdilatif Abdalla, maana kesi yake huvutwa na kila upande. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na muda huo aliutumia akiwa peke yake chumbani. Humo akatunga mashairi, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yakachapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Kenya hukuchekesha bila kukusudia.

Wenye kitabu husema: tazameni, shairi bila hadhira hata ya mtu mmoja! Hakuna baraza, hakuna anayeitikia kibwagizo, kuna ukuta na karatasi. Lingetegemea koo lingekufa pale pale, kwani mfungwa wa aina hiyo hana wa kumghania. Ni kweli tupu. Lakini wenye koo hujibu: na je, alitunga vipi? Alitunga kwa arudhi kamili, zile kanuni za vina na mizani, na kwa Kimvita, lahaja ya nyumbani Mombasa, vina vimekaa mahali pake, kila ubeti unaimbika. Mtu aliyenyimwa wasikilizaji alitunga kana kwamba wamekaa mbele yake. Nadhani ipo na sababu ya kazi tu: karatasi ya chooni yaweza kukamatwa wakati wowote, na ubeti wenye vina na mizani ni rahisi kuushika kichwani kuliko maneno yasiyofungwa. Vina vilikuwa nakala ya pili.

Mtu angeishia hapo, aseme Mvita imeshinda, koo limeshinda. Lakini yupo Alamin Mazrui, naye mzaliwa wa Mombasa, wa ukoo ambao zamani ulikuwa na watawala wa mji. Baada ya tamthilia yake Kilio cha Haki ya 1981 aliwekwa kizuizini mwaka 1982, safari hii chini ya rais mwingine, na kutokana na kizuizi hicho ikatoka diwani ya Chembe cha Moyo, iliyochapishwa 1988. Mashairi mengi humo hayafuati vina wala mizani ya mapokeo. Mishororo hukatika ghafla, mingine ina neno moja, na nafasi tupu kwenye ukurasa ni sehemu ya maana. Mwana wa Mvita, aliyekulia palipoghaniwa tarbia, beti za mishororo minne, tangu utotoni, aliingia kifungoni akaandika kwa ajili ya jicho.

Niliposoma diwani hizo mbili moja baada ya nyingine, kitu kilichovunjika mbele yangu ni ile hadithi tuliyozoea kusimuliwa, kwamba wa Pwani hushika arudhi na wa bara huivunja. Ni kweli kwamba Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitutikisa na Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara. Lakini mwandishi wa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka 1954 na kilichoshikilia kwamba shairi lisiloimbika halina maana, ni Sheikh Amri Abedi, na yeye ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Msimamizi mkali wa koo anatoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na mmoja wa mabingwa wa shairi la jicho anatoka Mombasa. Tena sheria za koo zimewekwa wapi? Kitabuni.

Wenye koo wana neno lao la kulifukuza shairi huru: nathari iliyokatwakatwa. Nikiwa mkweli, robo tatu ya mashairi huru ninayokutana nayo yanalistahili neno hilo. Mtu huandika sentensi ya gazeti, akaivunja vipande vitano, akaiita shairi. Lakini na robo tatu ya tarbia zinazoletwa magazetini ni vina vilivyojazwa maneno, "hewala", "nauliza", "nambieni", ili mizani itimie, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba arudhi si ushairi. Shairi huru zuri linafanya kitu ambacho koo haliwezi: linamlazimisha msomaji anyamaze mahali ambapo mahadhi yangempitisha. Kule juu nimesema utamu wa mahadhi hupitisha. Hapa ukurasa unasimamisha. Mtu aliyefungiwa ana haja ya vyote viwili, na pengine ndiyo sababu wafungwa wawili wa mji mmoja walichagua njia mbili.

Sasa wako waimbaji, ambao kwao swali langu lote ni la kuchekesha. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, mmoja wa washairi wakubwa waliowahi kutokea Mombasa, diwani yake ya Malenga wa Mvita ilitoka 1971. Binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, akaziimba tungo zake kwa taarabu, na harusi za Pwani zikazijua kwa miaka na miaka. Uliza Majengo au Bondeni leo: watakaokutajia diwani ni wachache, watakaokuimbia kibwagizo ni wengi, na baadhi yao hawajui kwamba maneno hayo yana mtunzi tofauti na mwimbaji. Huo ni ushindi wa koo usio na ubishi.

Lakini tazama ulivyopatikana. Juma Bhalo alizipandisha nyingi ya nyimbo zake kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Walikuwako waliomlaumu, wakisema mahadhi ya Mvita yanatupwa, na walikuwako waliompenda kwa hilo hilo. Mimi ni wa kundi la pili, ila kwa hoja yangu wote wawili wananifaa: koo si kitu kilichotulia. Linabadilisha, linakopa, linaacha. Beti ambazo hazikuingia kwenye wimbo, zile za mawaidha marefu au za hoja ngumu, hakuna anayeziimba harusini, na zipo kwa sababu Shihabuddin Chiraghdin alikaa akazihariri zikaingia kitabuni. Chiraghdin ndiye pia aliyeiandikia Sauti ya Dhiki utangulizi. Alifariki 1976, kabla ya kutoka kwa Historia ya Kiswahili aliyoiandika na Mathias Mnyampala. Ningeombwa nimtaje mtu mmoja aliyelielewa koo na karatasi kwa pamoja, ningemtaja yeye kabla ya malenga yeyote, maana alikubali kazi isiyopigiwa makofi, ya kuyatoa maneno upande huu na kuyavusha upande ule bila kuyavua Kimvita chake.

Kimvita hicho ndicho sababu ya mwisho ya chuki ya wenye koo kwa vitabu, na hapo siwalaumu. Ni katika mkutano uliofanyika Mombasa hii hii, mwaka 1928, ambapo Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Tangu hapo kitabu cha shule kilikuja na lugha yake, na mtoto wa Kuze aliyesema "ndoo" nyumbani aliambiwa aandike "njoo". Faida zake zinajulikana. Mimi mwenyewe ninaandika kwa lugha iliyopikwa pale na inasomeka Bujumbura. Hasara yake kwa ushairi ni kwamba ukimsanifisha Muyaka unamuua kwa vipimo. Weka "wazee" mahali pa "wavyele" katika ule ubeti wa kimya, na "-le" imekwenda, imemwacha "mtatile" na "sikidharawile" bila mwenzao. Kwa hiyo mhariri wa kitabu ana mambo mawili tu: aache Kimvita kama kilivyo na kuweka sherehe, maelezo ya maneno, pembeni, au amwache Muyaka apumzike. Kuna wachapishaji ambao hujaribu njia ya tatu. Vitabu vyao nimeviona, sitavitaja.

Kijana wa leo atanikatiza aseme: mbona mnahangaika, simu ipo. Rekodi sauti, weka intaneti, shairi limepona na karatasi haihitajiki. Jibu hili lina nguvu kuliko wazee wanavyotaka kukiri, na lina udhaifu kuliko vijana wanavyojua. Mombasa tulikwishapita hapo. Taarabu za harusi zilirekodiwa kwa kanda, zikanakiliwa na kuuzwa Mji wa Kale na maduka kama Mbwana Radio Service, na kwa muda tulidhani koo limepata kabati lake lisilo na mchwa. Leo mwenye kanda hana mashine, mwenye mashine hana mkanda wake wa mpira, na joto letu la chumvi limeshazila kanda nyingi zikabaki zikivuma kama upepo. Kitabu cha 1940 bado kinafunguka.

Hata hivyo sauti naitaka, na naitaka iambatane na kitabu, kwani peke yake karatasi itaendelea kumdanganya yule mwanafunzi kwamba Muyaka alikosea hesabu. Hofu yangu ni moja. Shairi moja huwa na mahadhi kadhaa. Mtu wa Likoni na mtu wa Mji wa Kale hawalighani sawa, na bibi aliyelipokea kwa mama yake ana namna yake ya tatu. Ukirekodi sauti ya mtu mmoja ukaibandika kwenye diwani, kesho mwalimu atasema hiyo ndiyo sahihi, na tutakuwa tumeunda mahakama mpya mahali pa ile ya kwanza. Kwa diwani ya Muyaka mimi ningetaka waghani watatu kwa kila shairi, angalau mmoja wao awe mwanamke, na nisingewaruhusu wakutane wala kusikilizana kabla ya kila mmoja kumaliza zamu yake. Wakitofautiana kwenye "m" za Muyaka, kila mmoja achapishwe na "m" zake.